Koki ya Nyuma ya Mlango

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kazini na sabuni sikioni. Bosi wangu wa duka la miwani kaniangalia juu ya miwani yake, akauliza nina nini pale. Povu, nikamwambia. La nini? La nyumbani.

Maji tena! Tulipokuwa wawili, mimi na mume wangu, hatukuona kitu. Tangu Mama mkwe aje, mwezi sasa, mabafu yote mawili yana kazi, na jikoni pia. Mama akifungua shawa yake, yangu inabaki uzi. Nikifungua yangu, yake inakauka. Mume wangu akigusa bomba la jikoni, sote wawili tunasimama na povu letu tukimsubiri.

Jioni Mama kanifuata jikoni. Ati yeye ndiye anayetumalizia maji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — na yeye jembe haliwezi, mgongo! Mdogo wake atapita Jumapili na gari, basi huenda akahamia kwake. Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 4 Juni

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu: sitaki aende. Wenzangu kazini wananiona sina akili. Wao wakitembelewa na mama mkwe wanahesabu siku. Lakini nyumba hii ilikuwa kimya mno! Mume wangu na magodoro yake anayouza harudi mpaka giza. Sasa nikifika mlangoni nasikia mtu anacheka na redio. Juzi mtangazaji alipiga chafya katikati ya taarifa ya mvua. Tulicheka mpaka Mama akashika ukuta. Nani mwingine ningecheka naye hivyo?

Sanduku lake limesimama nyuma ya mlango wa chumba chake. Hajawahi kutoa vitu vyote. Anatoa gauni moja, anarudisha moja.

Mume wangu akishika spana lazima aitwe Injinia. Leo kang'oa vichwa vya shawa, kaviloweka kwenye siki, kavirudisha. Vilevile! Ndipo akatupanga: Mama bafuni kwake, mimi kwangu, yeye jikoni. Fungua! Funga! Nimesema fungua! Jirani katoa kichwa dirishani kuuliza kama kuna usalama. Mwisho wa yote Injinia kalowa mpaka soksi, sisi wenye shawa wakavu.

Kabla ya kulala nimefanya ujanja wangu. Nyuma ya mlango wa bafu letu kuna koki ndogo inayoruhusu maji ya bafu zima. Na kwa Mama iko kama hiyo. Yetu nimeikaza mpaka karibu mwisho. Yapungue kwangu, yaongezeke kwake. Injinia simwambii. Atalalamika, na alalamike.

Alhamisi, 5 Juni

Mama kaimba bafuni! Wimbo mzima, na kiitikio akajiitikia mwenyewe. Mimi nimeoga kwa kikombe, roho yangu kwatu. Mume wangu analaumu siki.

Ijumaa, 6 Juni

Mambo yamegeuka. Leo hakuna wimbo. Mama katoka na povu nyuma ya shingo, ati maji yalikuwa tele, asante mwanangu. Tele gani? Alipotoka kuanika kanga nikaingia kufungua bomba lake — matone! Na hapo hakuna mwingine aliyekuwa akitumia maji nyumba nzima.

Nikakimbia kuikaza koki yangu zaidi. Kwake bado matone. Sasa sielewi kitu, na Jumapili hiyo inakuja. Nimemwambia mume wangu: Injinia, pumzika baba, ita fundi bomba. Kanuna kidogo. Kaita.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya leo sitaisahau!

Fundi ni mwanamke, sauti yake ilifika kabla yake. Hakugusa shawa hata moja. Kaenda moja kwa moja kwenye tangi, kafungua koki kubwa ya chini yake, katia kidole. Matope, majani yaliyooza, na kifuniko cha kalamu. Hapo ndipo penye shida, akasema. Njia nyembamba: mmoja anapita, wawili wanagombana.

Kasafisha, karudisha, akapiga kelele tufungue. Bomba la jikoni likaruka! Mume wangu kalowa mara ya pili wiki hii, na safari hii alikuwa anashangilia. Tukapiga makofi.

Tukaenda mabafuni. Kwa Mama: matone. Kwetu: matone.

Fundi akakunja mikono ya shati. Akaingia kwa Mama, akapeleka mkono nyuma ya mlango. Nani kaikaza hii koki? Mama akatazama dari. Fundi akaifungua, maji yakashuka kwa kishindo. Kisha akaja kwetu. Mimi nikasimama mlangoni kama golikipa. Hapo wala hapahitaji kuangaliwa, nikasema, ni pa zamani tu. Akanipitia chini ya kwapa.

Alipotoka alikaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha mabomba. Watu wanaoibiana maji anawajua, wamejaa tele. Wanaojinyima kwa siri, kila mmoja na koki yake? Hao ndio kwanza anawaona!

Mama akanigeukia. "Nilikusikia unaoga kwa kikombe. Nikasema mtoto huyu ataenda kwa watu na povu mpaka lini?"

"Nilikaza ili wewe uimbe, Mama."

Akanipiga kofi dogo la begani, kisha akaushika mkono wangu na hakuuachia upesi. Nilikuwa karibu kulia, nikasingizia siki.

Lakini kuhusu kesho hakusema kitu. Na sanduku bado limesimama.

Jumapili, 8 Juni

Naandika nimejifunga taulo, sabuni mwili mzima.

Injinia kaamuru jaribio la mwisho kabla mama mdogo hajafika na gari lake. Mabafu yote mawili kwa pamoja, yeye vyombo. Maji yalikuja kwa nguvu, hadi nikapiga kelele! Upande wa pili wa ukuta Mama kaanza wimbo wake. Ndipo Injinia, kwa sifa, akafungua na mpira wa bustani. Yangu yakapungua — kidogo tu, unyoya. Palepale nikasikia wimbo umekatika na shawa ya Mama imefungwa. Nami nikafunga yangu.

"Mama, mbona umefunga?"

"Wewe mbona umefunga?"

"Oga wewe kwanza. Mdogo wako yuko njiani."

 Kisha, taratibu, kupitia ukutani: "Maliza kuoga, mwanangu. Mimi naenda wapi?"

Nimetoka kuchukua daftari hili, nimerudi, nimekaa kwenye kigoda cha bafuni. Gari limepiga honi nje. Mume wangu anauliza kwa sauti kubwa tumekwama wapi. Shingo inaniwasha. Sifungui ng'o, mpaka afungue yeye. Namsikia anakohoa. Anasubiri nianze.