Mashuka Ambayo Bibi Leida Hakuyaomba

Alhamisi. Mvua ya London, ile isiyonyesha sana wala kukubali kuacha.

Leo nimejaa dharau na sina mpango wa kuificha. Najidharau mwenyewe, halafu namdharau Tom. Nianze na mimi, ndiyo haki.

Namtunza Bibi Leida, mama wa Kiestonia mwenye miaka themanini na kitu, nyumbani kwake hapa Barking. Tangu apate kiharusi, Kiingereza chake chote kimefutika. Kimebaki Kiestonia tu, lugha ya utotoni mwake. Tom ni mwanawe wa pekee, wanaishi pamoja, na hajui hata kumsalimia mama yake kwa lugha hiyo. Mtu wa miaka hamsini na mbili! Anasema hakuwahi kuihitaji.

Wiki tatu mfululizo Bibi alikuwa akinishika mkono na kurudia neno moja. Mimi nilisikia "lina". Nikatafuta kwenye simu: lina, shuka. Nikajiona mjanja kweli. Nikamletea shuka, akalisukuma. Nikamletea jingine, la maua, akalitupa chini na kuanza kulia. Nilitandika na kutandua kitanda kile mpaka mgongo ukaniuma, na kila siku niliandika kwenye daftari la kazi: "Anadai shuka. Akipewa anakasirika."

Maneno yangu. Mwandiko wangu.

Tom akalisoma daftari, akampigia daktari. Mama amechanganyikiwa, alisema, apewe dawa ya kumtuliza. Daktari akapanga kuja leo.

Wakati huo nilikuwa nimeshajiandikisha darasa la Kiestonia la mtandaoni, kila Jumatatu. Si kwa wema. Nilikuwa nimechoshwa na mashuka. Mwalimu ni binti anayeitwa Kadri. Jumatatu hii akatuambia kwamba konsonanti zao zina urefu wa aina tatu: fupi, ndefu, na ndefu kupita kiasi. Nilimdharau papo hapo. Nani anahitaji n za aina tatu? Na mbili kati ya hizo wanaziandika sawasawa, halafu wanakushangaa ukikosea.

Akatamka. Lina, n fupi: shuka. Linna, n ndefu: ya mji. Linna tena, n ikivutwa zaidi: kwenda mjini.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Bibi Leida hakuwa anataka shuka. Alikuwa ananiomba nimpeleke mjini.

Na huyu ni mimi, niliyewacheka Wazungu miaka yote kwa kutosikia tofauti ya mbuni anayekimbia porini na mbuni unaozaa kahawa. Masikio yangu yalikuwa mabovu kuliko yao, ila mimi nilikuwa na kalamu na daftari la kuharibia maisha ya mtu.

"Uache ulimi hapo nyuma ya meno, usubiri," Kadri alinielekeza. "Usiwe na haraka ya kufika kwenye a." Nimefanya mazoezi jikoni siku mbili, mpaka mwenzangu ninayeishi naye akaniuliza kama jino linaniuma.

Leo asubuhi nilipiga magoti mbele ya kiti cha Bibi. "Linna?" nikasema, nikiizuia ile n kwa nguvu zangu zote. Akanitazama. Akanisahihisha, akaivuta zaidi yeye mwenyewe. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa na kuanza kutafuta koti lake.

Daktari alipoingia alimkuta amekaa na koti, vifungo vimepishana, kofia kichwani. Tom akaanza hadithi yake ya mashuka. Nikamkatiza.

"Daktari, kosa ni langu. Niliandika vibaya. Hakuwahi kuomba shuka. Anaomba kutoka nje."

Tom akacheka. "Yote haya kwa sababu ya n moja?"

"Ndiyo. N ambayo umekaa nayo nyumba moja maisha yako yote."

Sikupaswa kusema hivyo. Sijutii.

"Mama anatoa sauti tu," Tom akamwambia daktari. "Siyo maneno."

Daktari, mwanamke mtu mzima asiye na haraka, aliniomba niseme lile neno tena. Nikalisema. Bibi akajiinua kwenye kiti, akaenda kuushika mlango.

"Dawa haina kazi hapa," daktari akasema huku akifunga mkoba wake. "Mtoeni nje kwanza."

Tom alisema ana kikao. Bila shaka. Nilipiga simu ofisi iliyoniajiri, wakanung'unika kidogo, kisha wakaniruhusu, nikamweka Bibi kwenye kiti cha magurudumu na tukapanda treni hadi Stratford. Pale aliangalia yale majengo ya vioo, watu na mifuko yao ya madukani, matangazo yanayowaka mchana kweupe. Kisha akasema, kwa dharau ambayo mimi sijaifikia bado: "See ei ole linn."

Nilielewa kila neno. Huu si mji.

Nilicheka katikati ya watu mpaka machozi. Lakini kila nilipogeuza kiti kuelekea stesheni, alilishika gurudumu. Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu. Alikula andazi la mdalasini lote, akalamba vidole.

Daftarini nimefuta kila mstari wa mashuka na kuandika ukweli pembeni, pamoja na jina langu. Wakinifukuza, wanifukuze kwa hilo.

Jioni hii Tom amenitumia ujumbe. Mama amelala mwenyewe, ametulia, hajawahi kumwona hivyo tangu augue. Anauliza lile neno linatamkwaje.

Ningeweza kumpigia na kumtamkia. Ingenichukua sekunde mbili. Nimemtumia anwani ya darasa la Kadri, bila salamu, na saa ya kuanza: Jumatatu, saa moja jioni. Akae pale akosee mbele ya watu, kama nilivyokosea mimi.