Aliyefaulu ni Rosina

Litembo,
Januari 1996

Dada Ottilia,

Shikamoo. Huku sote wazima na mvua inanyesha vizuri. Siku hizi wanunuzi binafsi wanafuata kahawa hadi mlangoni, na Baba ameezeka nyumba kwa bati.

Matokeo ya darasa la saba yametoka. Mimi nilifaulu, ila nafasi za serikali hazikunifikia. Kaka Cleopa, niliyekuwa naye darasa moja, alifeli. Baba akasema kahawa itamsomesha mmoja tu shule ya kulipia, naye ni Cleopa, maana mimi nitaolewa.

Cleopa akamjibu mbele yetu, “Baba, aliyefaulu ni Rosina. Mpeleke yeye.”

Baba akasema, “Basi mtabaki wote.”

Sasa tunapalilia kahawa pamoja. Cleopa hajalalamika hata mara moja. Mimi ndiye ninayelia, nikiwa peke yangu.

Dada, nasikia huko kwenu ziwani kuna sekondari ya kutwa. Nitakulelea mtoto, nitaanika dagaa wenu wa usipa, ilimradi nisome.

Nimemsomea Mama barua hii. Ameniambia, “Usiombe. Andika kwamba unakuja Jumamosi.”

Mdogo wako,
Rosina