Baiskeli ya Ukutani, Wodi ya Wanaume

Nyumbani,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu nyingi kuliko vumbi la mtaa wetu, na vumbi letu unalijua. Hujambo huko? Shemeji mzima? Na wapwa zangu bado wanasema mjomba wao anaongea kama redio iliyokosa kitufe cha kuzimia? Waambie betri bado zipo.

Sisi huku tunapumua. Goti langu linalia nikipanda ngazi, lakini nikishuka linanyamaza, kwa hiyo natafuta kazi za kushuka tu. Mama anasema kwenye picha uliyotuma umekonda. Usihangaike kumjibu, hata unenepe ukose kupita mlangoni atasema hivyohivyo.

Najua unaruka mistari ukitafuta habari za Baba. Rudi nyuma usome salamu zangu kwanza, nimezitolea jasho. Baba yupo. Nakuandikia kwa sababu siku ile kwenye simu Mama alikuwa analia, wewe unalia, mimi nikakosa pa kuingilia.

Kile kiharusi kilimshika upande wa kulia, hilo unalijua. Ambalo hukuambiwa ni kwamba daktari alisema mkono ufanyishwe kazi mapema, la sivyo utakakamaa na utabaki hivyo. Na Baba alikuwa hataki. Dada wa mazoezi ya viungo alikuwa anamletea kimpira laini, "Mzee wangu, finya kidogo." Baba anajifunika shuka usoni. Mtu aliyenyoosha rimu za baiskeli maisha yake yote, unampa mpira wa kitoto afinye. Kuongea nako aliacha. Ukimwita anaitika "mm", kama friji kuukuu.

Sasa pale hospitali kuna mama mmoja tunamwita Mama Sanaa. Kazi yake ni kuleta muziki, hadithi na rangi wodini. Mwanzo nilimcheka. Watu wanaumwa, wewe unawaletea gitaa? Lakini kitanda cha jirani na Baba kuna dereva wa lori, mguu wake umening'inizwa kama nguo kwenye kamba, na mdomo wake ulikuwa unamtukana kila anayepita na sindano. Siku aliyokuja mpiga gitaa, yule dereva aliimba mpaka nesi akaja kumwomba apunguze sauti. Akala chakula chote, na sindano akaichukua bila matusi. Nikafunga bakuli langu.

Unanijua mimi, nikiona ukuta mtupu nasikia harufu ya kazi. Nikamfuata. "Mama, huu ukuta unatisha kuliko ugonjwa. Nani aliupaka rangi ya maziwa yaliyoharibika?"

"Kwani wewe ni msanii?"

"Vinyozi wote wa upande huu, vile vichwa vya ukutani ni vyangu."

"Vile vyenye shingo ndefu?"

"Shingo ni ya bure, mama."

Akacheka mpaka akashika kitanda cha watu. Akanipa ukuta unaotazamana na Baba, akasema nichore kitu wanachokijua.

Nikachagua baiskeli, kwa ajili ya Baba. Mimi nakata picha kwenye boksi, nabandika ukutani, napaka rangi, natoa. Boksi la baiskeli ninalo tangu zamani, linatazama kulia. Lakini mlango wa wodi uko kushoto. Nikawaza, wagonjwa walale wakiangalia baiskeli inayokuja kulazwa nao? Hapana, iende mlangoni, iende nyumbani. Nikaligeuza boksi nyuma mbele, nikapaka. Cheni nikaitia rangi ya fedha, inameremeta. Wodi nzima ikanisifu, na mimi sikuwakatalia.

Kesho yake nafika, Baba hana shuka usoni. Macho kodo kwenye ukuta wangu. Nikajua leo analia kwa furaha. Nikamwinamia, "Umeipenda, Baba?"

"Cheni," akasema. Neno lilitoka limejikunja, lakini lilitoka.

"Cheni imefanyaje?"

"Iko... upande gani?"

"Si ile pale inang'aa."

"Pumbavu."

Dereva wa lori akasema, "Huyo mzee amepona, mpeni nguo zake."

Ndipo nikaona, dada. Cheni ya baiskeli inakaa kulia kwa mpandaji. Nilipogeuza boksi nikaihamishia kushoto. Mimi niliyelala juu ya matairi kwenye gereji ya Baba, ukanibeba mgongoni nikinuka grisi, sikuona.

Nikashika brashi nirekebishe. Mama Sanaa akanizuia. Akaufunga mpini sponji ili unenepe, akauweka kwenye mkono wa Baba, ule wa kulia. "Mzee, sisi baiskeli hatuzijui. Tuonyeshe."

Brashi ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nikataka kusema basi, imetosha. Baba akanipiga lile jicho lake la kurushiwa spana, nikaiokota tena. Tukasogeza kiti chake mpaka ukutani, dada wa mazoezi akamshika kiwiko, na Baba akaanza kuifuta cheni yangu kwa rangi ya ukuta. Mstari ulikwenda kama konokono aliyelewa. Shati lililowa jasho. Hakuna aliyekohoa, na wodi ile wenye vifua wamejaa.

Alipomaliza akavuta pumzi. "Kesho breki."

Tangu hapo anadai brashi kabla ya chai. Daktari anasema mkono unaamka, ila haahidi utarudi kama zamani, na mguu bado mzito. Sikufichi. Baiskeli yenyewe sasa ni mbaya, vinyozi wangu wakiiona nimekwisha. Mama Sanaa aliuliza kama niisafishe kidogo, wodi nzima ikagoma.

Kuhusu lile wazo lako la kuacha kazi uje, amua mwenyewe. Mimi nafikisha ujumbe tu: Baba anasema uje akishaweza kukufungulia mlango.

Msalimie Shemeji, wapwa wote, na yule rafiki yako fundi cherehani anayecheka kwenye simu. Mama anakuombea asubuhi na jioni. Mungu akufunike na akurudishe salama siku ikifika.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Usiizungushe kutafuta juu ni wapi, ni gurudumu. Amelichora kwa mkono wa kulia, na kiwiko hakushikwa na mtu. Nilimwambia, "Baba, Dada atadhani umemtumia yai." Akaliangalia.

"Rimu imepinda," akasema. "Mwambie naendelea kuinyoosha."

Mdogo wako akupendaye, shingo ndefu na yote,
Domo