Usiuze Kiwanja kwa Ajili ya Mabwawa

Rusimbi,
Kigoma.
11 Juni 2023.

Mpendwa shemeji Telesphory,

Pokea salamu zangu na za wanao. Mguu wako unaendeleaje? Na mama Nehemia, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunapumua, ingawa tangu tumzike kaka yako Feliksi nyumba imekuwa kubwa mno.

Yunisi ameniambia unataka kuuza kiwanja chako cha huko Mtwara, uje uendeleze mabwawa ya mwani wa kukamulia mafuta ya injini aliyoyaacha baba yake. Shemeji, nakuomba usiuze.

Wakati wa msiba uliyaona maji ya kijani yamejaa, ukadhani ni mali. Hukuona yanavyokula. Pampu ya kuyazungusha ilikunywa dizeli mchana kutwa. Mbolea ilitoka dukani. Kuuchuja ule mwani kulituvunja migongo, na ukishachujwa bado ni uji mtupu. Feliksi akauanika kwenye vichanja kama dagaa. Mvua ikanyesha, ukaoza. Akaanza kuukausha kwa moto wa kuni. Mafuta tuliyokamua hayakutosha hata kuiendesha pampu yenyewe.

Alipoyapeleka mafuta hayo mwaloni Kibirizi, Dadi mwenye mitumbwi aliyanusa akamwuliza, "Mzee Feliksi, haya ni ya injini au ya kujipaka?" Watu wakacheka. Yeye naye alicheka, lakini dumu alirudi nalo nyumbani limejaa.

Kinachoniuma zaidi ni michikichi ya baba yenu. Tuliikata ili tupate pa kuchimba. Nilipomzuia aliniambia, "Mama Yunisi, mchikichi unakusubirisha miaka. Maji yangu nitavuna kila wiki." Kuvuna alivuna kweli. Lakini ile michikichi ilitupa mawese, na haikutudai dizeli.

Wazee waliomwosha waliniambia ukijani umegoma kutoka kwenye kucha zake. Nikawaambia wamwache nao.

Bwawa dogo nimelifukia, nikapanda miche ya michikichi. Sijui kama nitayaonja mawese yake. Lile kubwa limenishinda, na kila asubuhi nikifungua mlango naliona linanitazama.

Kiwanja kibaki cha watoto wako. Ukitaka kumkumbuka kaka yako, njoo na jembe, tulifukie lile bwawa pamoja.

Nisalimie mama Nehemia, Nehemia mwenyewe na Esther mdogo. Mungu awashike mkono huko mliko.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Eufrasia, mama Yunisi.