Mawese kwenye risasi

Frida, uko? Mume wangu nusura afe leo. Meshack!

Walikuwa na zoezi la shabaha kazini, walinzi wote. Risasi mbili za kwanza zikaenda pembeni kabisa, akasingizia mtutu umechakaa. Ya tatu ikasema puf. Puf tu, Frida!

Akataka kupiga ya nne. Mkufunzi akamdaka mkono: "Acha! Ya tatu imekwama kwenye mtutu, hiyo nyingine itakulipukia usoni!"

Kumbe mtutu mzima. Risasi ndizo zimelowa mafuta, baruti imekufa.

Mkufunzi akamuuliza: "Nani kakufundisha kupaka risasi mawese?"



Meshack hakunitaja, Frida. Nilizipaka mimi, zisishike kutu kwa hewa ya ziwa, kama ninavyopaka panga.

Sasa anakula. Hajaniangalia hata mara moja.