Kelele za Droni Juu ya Nyanungu

Nyanungu,
Tarime, Mara.
22 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Felista,

Shikamoo. Ninatumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba zamu za wodini huko Newala zinakuachia walau muda wa kuketi. Sisi tu wazima wa mwili, ingawa mimi nimechoka kuliko ninavyoweza kueleza kwa maneno ya heshima.

Ulitaka kufahamu kazi ninayoifanya tangu nilipohitimu uhandisi. Mradi ulioniajiri hurusha droni kuwafukuza tembo wanaotoka hifadhini na kuingia mashambani. Jukumu langu ni kutabiri kelele zake kabla haijaruka. Kompyuta huigawa hewa inayozunguka mapanga ya droni, yale mabawa yake yanayozunguka, katika vyumba vidogo mno, hukokotoa upepo na mgandamizo ndani ya kila kimoja, na kutokana na msukosuko huo nakadiria sauti itakayomfikia aliye chini. Umeme ukikatika, mara nyingi naanza upya.

Mwezi uliopita niliuhakikishia mkutano wa kijiji kuwa mifugo haitashtuka. Droni iliporuka jioni, watu waliisikia kwa mbali tu, lakini ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Heche, walivunja zizi wakatimka. Waliowaona wakikimbia bila mchungaji walidhani wameibwa. Yowe likapigwa, na wanaume wakatoka na pinde kufuata nyayo za wezi ambao hawakuwapo.

Ng'ombe walipatikana bondeni, salama. Mzee Heche hata hakunigombeza.

"Mhandisi," aliniuliza mbele ya watu wote, "hiyo kompyuta yako imewahi kuchunga?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nilirudia hesabu zote. Kosa lilikuwa langu: nilipima kelele kwa kipimo cha sikio la binadamu, ambacho hupuuza sauti nyembamba tusizozisikia vizuri. Ng'ombe huzisikia. Nikasimama tena mkutanoni, nikaomba droni isirushwe mpaka nipate mapanga mengine. Waliolima mahindi mpakani mwa hifadhi walinikasirikia kuliko wafugaji. Mama, ambaye shamba lake ndilo la kwanza kufikiwa na tembo, alikuwa ameketi mbele kabisa.

Nilijaribu kwenye kompyuta umbo baada ya umbo, hadi nikapata mapanga mapana yanayozunguka polepole. Sauti nyembamba ikashuka, ile nzito inayowakera tembo ikabaki. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa tayari kutoa ng'ombe wake kwa jaribio. Baba ndiye aliyesema, "Chukueni wangu. Wakikimbia, watakuwa wamekimbia wa kwetu."

Jana asubuhi tuliirusha. Ng'ombe waliinua vichwa, wakasikiliza kidogo, wakarudi kula. Mzee Heche mwenyewe aliruhusu ipite juu ya zizi lake.

Nilidhani ningefurahi, Shangazi. Tembo walikwisha kupita shambani kwa Mama Jumatano, droni ikiwa ndani ya sanduku, na hawakumwachia hata bua la kulisha ndama. Baada ya jaribio nilikwenda kukaa katikati ya shamba hilo. Mama alinikuta hapo.

"Mahindi ya wenzetu bado yamesimama," aliniambia. "Inuka, ukayalinde."

Nikainuka. Tangu jana jioni droni inazunguka juu ya mashamba ya majirani, na nasikia hayajaguswa. Kwa upande wetu, lile gunia la mahindi unalotumiwa kila mavuno, mwaka huu usilisubiri. Mama ameshindwa kukuambia kwa simu, akanipa mimi kazi hiyo.

Baba, Mama na kaka Wiliam wanakusalimu sana. Nawe utusalimie wanao, Ezra na Elieth, uwahimize wasome kwa bidii. Mungu akutie nguvu kazini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye daima,
Rhoda Matiko