Siku Adabu Iliposema Ndiyo

Jumatano, Juni 1997. Mvua ya mawe imepiga chai tangu saa nane, na mimi nina hasira.

Haya naandika kwa macho. Tangu nipooze, mikono na ulimi vimekataa kazi, lakini daktari mgeni wa hapa hospitali ya misheni aliniletea kompyuta yenye kamera inayofuata macho. Nikikazia herufi macho kidogo, inaandikwa. Sentensi moja inanichosha kama kuchuma kikapu kizima. Haidhuru.

Leo baba mkwe alikuja na shemeji yangu Kiprono. Sista Achieng, muuguzi wangu, aliwaeleza kwamba juu ya skrini kuna HAPANA, chini kuna NDIYO, na mama atajibu mwenyewe. Mzee akakohoa, akauliza kama nakubali shamba la chai la marehemu mume wangu liandikwe jina la Kiprono, kwa vile mimi siwezi tena kuchuma.

Shamba hilo ndilo linalomsomesha binti yangu Chepkoech. Sina lingine.

Sasa, kwetu mke hamtazami baba mkwe machoni. Akiongea, unainamisha macho. Nikainamisha, yakatulia pale chini.

NDIYO, skrini ikaandika.

Jamani! Kiprono alicheka mpaka fizi zikaonekana. Mzee akamshukuru Mungu, akachukua kofia yake. Nilitaka kupiga kelele na sina sauti. Miaka kumi na minne ya adabu, na leo imeniuza.

Nikainua macho. Nilikuwa na aibu, sitadanganya, mwili wote ulikuwa moto. Nikakazia HAPANA. Nikarudia mpaka skrini ikajaa. Kiprono akasema mashine imeharibika. Hapo nikaachana na skrini, nikamtazama mzee machoni kabisa, mara ya kwanza tangu niolewe. Kumbe macho yake ni kama ya marehemu.

Yeye ndiye aliyeinamisha yake.

"Haijaharibika," akamwambia Kiprono. "Twende."

Najua saa hii kila boma naitwa mke asiye na heshima. Wacha waseme. Kiprono hajachoka, Ijumaa anamleta chifu aje asikie neno langu. Nimemwomba Sista Achieng siku hiyo ainue kitanda changu mpaka mwisho, nikae uso kwa uso na wao wote.